Porti ya kifuani kwa anayepunguzwa damu: tathmini baada ya miezi 26

Kifaa ninachokieleza hapa, porti, yaani kikasha chenye mrija uingiao kwenye mshipa mkubwa, hakipangwi kwenye rafu za duka, wala hakuna anayekichagua kama mtu achaguavyo jiko la gesi. Hata hivyo kinalipiwa fedha nyingi, kinadai matunzo, kina hitilafu zake zinazojirudia, na anayekikubali huishi nacho chini ya ngozi usiku na mchana. Kabla ya kuwekewa changu nilitumia wiki nzima kutafuta maelezo ya mtu aliyekwisha kukitumia kwa kazi niliyokusudia mimi, na wote niliowapata walikuwa wagonjwa wanaotiwa dawa kali za saratani, ambao porti zao huingiza. Yangu haiingizi dawa yoyote. Kazi yake ni kutoa damu, mililita 450 kwa mkupuo, damu ambayo baadaye hutupwa. Nimekaa nayo miezi 26, imetumika kunipunguza damu mara 31, na karibu kila nitakalolisema juu yake, zuri au baya, lina asili moja: kifaa hiki kilibuniwa kiwe mlango wa kuingilia, nasi tunakigeuza kuwa mlango wa kutokea.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nina umri wa miaka 54, na kwa miaka 19 sasa makazi yangu ni Minneapolis nchini Marekani. Ugonjwa wangu huitwa polisaithemia vera. Uboho hutengeneza chembe nyekundu kupita mahitaji kwa sababu ya hitilafu katika jeni iitwayo JAK2, damu huwa nzito, na damu nzito huelekea kuganda mahali isipotakiwa: mguuni, moyoni, kwenye ubongo. Kabla ya kupimwa nilikuwa nikiwashwa mwili mzima kila nitokapo kuoga, nikabadilisha sabuni nne nikidhani ni mzio. Kwa mgonjwa aliye chini ya miaka 60 ambaye damu haijawahi kumganda, tiba ya kwanza ni aspirini kidogo kila siku, huku kwetu miligramu 81, pamoja na kupunguzwa damu hadi hematokriti, yaani sehemu ya damu inayojazwa na chembe nyekundu, ishuke chini ya asilimia 45. Kiwango hicho si cha kubahatisha. Utafiti uliofanywa Italia kwa jina la CYTO-PV na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 365, na wale walioachwa kati ya asilimia 45 na 50 walifikwa na vifo vya maradhi ya moyo na mishipa, au na migando mikubwa ya damu, karibu mara nne ya wenzao waliobanwa chini ya 45. Kwa hiyo siku muuguzi anapokwambia kwamba mshipa leo haupatikani, urudi wiki ijayo, unarudi nyumbani na hatari ile ile uliyokuja nayo.

Kwetu pwani kutoa damu si jambo geni. Bibi yangu aliumikwa kwa pembe kila alipolemewa na kichwa, na siku hizi wapigaji wa hijama hawakosekani mjini. Mama mdogo aliposikia habari zangu kwa simu aliniuliza, "Sasa hayo ya kupasuliwa kifua ya nini, mwanangu? Si uje tu uumikwe?" Nami, bila ya kupiga chuku, nilimweleza kwamba pembe na vikombe hutoa kiasi kidogo kisichopimwa, ilhali mimi natakiwa nitolewe karibu nusu lita kwa kipimo, na kwamba kwa mtu mwenye kifaa mwilini kila chale ya ngozi ni mwanya wa vijidudu. Alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama hiyo damu basi anapewa mtu mwingine mwenye shida. Hapewi.

Utaratibu wa kawaida hauhitaji porti. Mgonjwa huegemea kwenye kiti, hufungwa mpira juu ya kiwiko, huchomwa sindano ya geji 16 au 17, na damu hushuka yenyewe hadi kwenye mfuko uliowekwa chini ya usawa wa mkono. Mwenye mishipa mizuri humaliza kwa dakika 10 au 15. Geji huhesabiwa kinyume na mazoea, kwani namba ikipanda sindano huwa nyembamba zaidi, na hiyo geji 16 ina unene wa milimita 1.65, kwa hiyo haiachwi mbali sana na njiti ya kibiriti. Miezi minne ya kwanza nilitolewa damu kila wiki. Mishipa yangu ilikuwa midogo tangu ujana, hata wakunga walionizalisha waliilalamikia, na kila tundu liliacha kovu juu ya kovu, mpaka ikafika Januari, ambapo baridi ya huku huisukuma mishipa ndani kabisa. Asubuhi moja nilichomwa mara sita kwenye mikono yote miwili, nikaondoka nimetoa mililita 90 tu na michubuko iliyonilazimu kuvaa mikono mirefu hata ndani ya nyumba. Wiki iliyofuata daktari wangu wa damu akataja porti.

Porti ni kikasha kidogo cha titani au cha plastiki ngumu, upana wake kama kizibo cha soda, ambacho hufukiwa chini ya ngozi ya kifua, vidole vichache chini ya mtulinga. Juu yake kuna kiwambo cha silikoni kilichobanwa kama ngozi ya ngoma, chini ya kiwambo kuna chumba kidogo, na ubavuni mwa chumba hutoka katheta, mrija laini unaoingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo na kuteremka hadi pale vena kuu inapokutana na moyo. Hakuna kinachoning'inia nje. Sindano yake ni ya aina ya peke yake, ncha imepindwa ili ipenye silikoni bila ya kuimega, na ikichomolewa kiwambo hujifunga chenyewe. Huitwa sindano ya Huber, kwa jina la Ralph Huber, daktari wa meno wa Seattle. Naye John Niederhuber, daktari wa upasuaji ambaye pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan alichapisha mwaka 1982 maelezo ya mapema ya kifaa hiki kwa wagonjwa wa saratani, amekaribiana naye jina kwa sadfa tu. Jambo hilo lilinipotezea jioni nzima nikidhani ni mtu mmoja. Kuhusu kuchakaa kwa kiwambo, ambako watu huniuliza sana, nisingeondoka na wasiwasi: watengenezaji hutaja uwezo wa kuchomwa mara 1,000 na hata zaidi kwa kutegemea unene wa sindano, na mtu atakayechomwa kila wiki kwa miaka 10 atakuwa amefikisha 520.

Upasuaji wenyewe sina haja ya kuurefusha. Ulichukua chini ya saa moja, kwa ganzi ya mahali pamoja na dawa ya kutuliza, mshipa ukatafutwa kwa ultrasaundi na ncha ya katheta ikahakikishwa kwa eksirei. Nilibaki na michano miwili midogo, mmoja shingoni na mwingine kifuani, na maumivu ya wiki moja ambayo paracetamoli iliyamudu. Lisilosemwa mapema ni kwamba ankara huja tatu kutoka kwa watu watatu, ya chumba, ya daktari na ya picha, na bima yangu ililipa kila moja kwa hesabu yake. Anayekusudia kifaa hiki aulize hizo tatu kwa pamoja kabla ya kutia saini.

Kisha ikaja siku ya kwanza ya kukitumia, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba kumwekea mtu porti na kujua kumtoa damu kwa porti ni kazi mbili mbalimbali. Kituo nilichopelekwa, ambacho sitakitaja, huwahudumia wagonjwa wa kutundikiwa dripu, na muuguzi alifanya kama alivyozoea: akanichoma Huber ya geji 22, akaunganisha mfuko wa damu, akauweka chini, akaenda zake. Damu ilitoka kama asali ya chupa iliyolala kwenye friji. Baada ya dakika 40 ilisimama kabisa, maana ilikwisha kuganda ndani ya mpira mrefu. Tulianza upya kwa sindano nyingine na mfuko mwingine, na kwa saa moja na dakika 50 tukapata mililita 180. Nilirudi nyumbani nikijilaumu kwa kukubali kukatwa.

Sababu ya mkasa ule si siri, ni hesabu ya mabomba ambayo kila fundi anaielewa. Kipenyo cha ndani cha mrija kikipungua nusu, kinachopita hakipungui nusu bali hubaki sehemu moja tu ya 16, mambo mengine yakiwa sawa. Na kadiri kimiminika kinavyokuwa kizito ndivyo kinavyokwenda polepole. Sindano ya mkononi ina milimita 1.65 kwa nje, Huber nene inayopatikana kwa kawaida, geji 19, ina 1.07, na ile ya geji 22 niliyotumiwa mimi haifiki hata milimita 0.75. Baada ya sindano hiyo nyembamba bado damu ina safari ya katheta nzima. Dawa ya dripu ni nyepesi kama maji na inasukumwa na pampu, kwa hiyo haijali. Damu ya polisaithemia, ambayo imekuja kutolewa kwa sababu ya uzito wake, inatakiwa ipite pale pale kwa nguvu ya kuteremka peke yake.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa kituo cha pili, binti wa Kisii ambaye amefanya kazi hapa Minnesota kwa miaka mingi na ambaye huniita Mama tangu siku ya kwanza. Yeye haiachi damu iteremke yenyewe. Huvaa barakoa na kunivisha mimi pia, husugua ngozi kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, na kuiacha ikauke yenyewe bila ya kuipepea, hukibana kikasha kwa vidole viwili ili kisiteleze, na huingiza geji 19 wima mpaka asikie ncha imegonga sakafu ya chuma. Sauti hiyo haisikiki kwa sikio, lakini mimi mwenyewe huihisi kifuani, kama mtu aliyegusa sahani kwa kijiko. Halafu huunganisha koki ya njia tatu: upande mmoja bomba la sindano la mililita 30, upande mwingine mfuko. Huvuta polepole, hugeuza koki, husukuma damu mfukoni, hugeuza tena. Kila baada ya mabomba matano hupitisha maji ya chumvi kidogo ili damu isije ikaganda njiani, na maji hayo huyaandika pembeni asije akayahesabu kuwa ni damu. Mabomba 15 ni mililita 450. Tunahesabu pamoja kwa Kiswahili, na likifika la tisa au la kumi, damu inapoanza kusita, husema, "Mama, kohoa kidogo. Sasa inua mkono wa kulia, kama unayechuma embe." Nakohoa, nachuma embe langu, damu inaendelea. Tangu kuingia hadi kubandikwa plasta tunamaliza kwa dakika 40, na siku tuliyoshindana na saa tulimaliza kwa 33.

Kuvuta polepole si madaha. Ukivuta kwa nguvu, ncha ya katheta hunyonya ukuta wa mshipa na kujiziba, au mrija wenyewe, ukiwa wa silikoni laini, hunywea. Wako wanaotumia chupa zenye ombwe badala ya bomba, na nimezijaribu mara mbili: ni za haraka zinapokubali, lakini ombwe halina adabu ya mkono wa mtu, na mara ya pili ilibana mpaka tukarudi kwenye bomba. Wakati wa kusukuma kuelekea mwilini mambo hugeuka. Hapo bomba lisiwe dogo kuliko la mililita 10, kwani bomba dogo hutoa msukumo mkubwa unaoweza kuupasua mrija. Mwisho wa kazi porti husafishwa kwa maji ya chumvi yasiyopungua mililita 20, yakisukumwa kwa vituo vituo, kisha hufungwa. Kituo changu hufungia heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, mililita 5 zenye uniti 100 kwa kila mililita. Vingine hutosheka na maji ya chumvi.

Hitilafu kubwa ya matumizi haya nilikutana nayo mwezi wa tisa. Porti ikawa inameza lakini haitemi. Maji ya chumvi yaliingia bila ya kizuizi, nasi tulipovuta hatukupata hata tone, si kwa kukohoa, si kwa kulala chali, si kwa kuchuma embe. Kwa mtu wa dripu hali hiyo inaweza kupita bila ya kutambuliwa kwa wiki kadhaa, kwa sababu dawa yake inaingia vizuri tu; kwa mtu wa kutoa damu porti imekufa siku hiyo hiyo. Mwili unapokaa na mrija mgeni ndani ya mshipa huuvisha ala nyembamba ya fibrini, protini inayogandisha damu, na ala hiyo ikifika kwenye ncha hufanya kazi kama kifuniko cha bawaba, ukisukuma kinafunguka, ukivuta kinafunga. Tiba yake ni alteplazi, dawa ya kuyeyusha migando, miligramu 2 zinazoachwa ndani ya katheta kwa nusu saa, na zikishindwa kwa muda usiozidi saa mbili. Yangu ilizibuka kwa dakika 90. Imenirudia mara mbili tangu hapo, na kila mara siku yangu ya kazi imekwenda na maji.

Lipo jambo zito zaidi ya hilo, na daktari wangu alilisema wazi kabla ya upasuaji, nami namshukuru kwa hilo. Porti kwa mgonjwa wa polisaithemia ni kama kuweka gogo katika mto ambao tayari unapenda kuziba. Katheta yoyote iliyokaa kwenye mshipa mkubwa huongeza uwezekano wa damu kuganda kando yake, na mwenye ugonjwa huu amekwisha kuanza akiwa na uwezekano huo. Mkono ukivimba, shingo ikiuma upande wa porti, au mishipa ya kifua ikichomoza ghafla, huendi kulala ukaangalie kesho. Vivyo hivyo homa ya nyuzi 38 na kuendelea, hasa ikifuatana na kutetemeka muda mfupi baada ya porti kusafishwa, kwani hiyo ni dalili ya vijidudu vilivyojificha ndani ya kikasha na kumwagwa kwenye damu. Mimi sijapata maambukizi, na sifa hiyo naigawa kati ya bahati na klorheksidini ya binti wa Kisii.

Kwenye kiti cha jirani yangu huketi mzee mmoja mwenye asili ya Ireland ambaye hutolewa damu kwa sababu nyingine kabisa. Yeye ana hemokromatosisi, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hunyonya madini ya chuma kupita kiasi na kuyarundika kwenye ini, moyo na viungo. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1996, na Ireland ndiko ilikokithiri, kiasi cha mtu 1 katika kila 83 kuwa na nakala mbili za badiliko la jeni hiyo liitwalo C282Y. Kila mfuko wake wa nusu lita huondoa miligramu 200 hadi 250 za chuma. Aliponiuliza kama naye aombe porti, maana mikono yake imeanza kuchoka, nilimrudisha kwa daktari wake, lakini maoni yangu nilimpa: asubiri. Mgonjwa wa chuma akishamaliza awamu ya kwanza ya kila wiki hubaki na mifuko michache tu kwa mwaka, na kwa mifuko mitatu au minne haifai kubeba kifaa kinachotaka kusafishwa kila mwezi. Isitoshe, kuna bakteria wanaostawi palipo na chuma kingi, Yersinia na Vibrio vulnificus wakiwa ndio wanaotajwa sana, na sioni busara ya mtu wa namna hiyo kuongeza mlango mwilini bila ya dharura.

Maisha ya kila siku na porti ni mepesi kuliko nilivyohofia, ila kuna mambo ambayo kijitabu cha mtengenezaji hakiyajui. Yangu imewekwa upande wa kulia. Huku Marekani dereva hukaa kushoto na mkanda wake hupita bega la kushoto, kwa hiyo kwa mwaka mzima sikuwa na habari ya mkanda. Nilipokwenda nyumbani Mombasa, nikashika usukani uliopo kulia, mkanda ukapita juu ya porti moja kwa moja, na kabla ya kumaliza Nyali ngozi ilikuwa imeshawaka. Suluhisho likawa kipande cha leso kilichokunjwa mara nne. Fundo la leso linalofungwa juu ya kifua pia hulihamishia kushoto, na mkoba siubebi tena kwa bega la kulia. Mashine za ukaguzi uwanja wa ndege hazijawahi kunilia, lakini kadi ya porti yenye jina la aina na namba yake haitoki kwenye pochi.

Katika safari hiyo ya wiki 10 nilihitaji kusafishwa mara mbili. Nilibeba sindano zangu nne za Huber zikiwa katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari, kwa sababu sikutaka kutegemea kuzikuta. Muuguzi wa wodi ya saratani katika hospitali moja ya binafsi alifanya kazi safi, hata bora kuliko baadhi ya mikono ya huku. Tatizo lilikuwa mapokezi, ambako kijana aliyeniandikisha aliona porti akajaza saratani ya titi bila ya kuniuliza, na faili hilo likatangulia kufika kwa binamu yangu anayefanya kazi jengo hilo hilo kabla mimi sijatoka. Jioni ile nyumba nzima ilikuwa inalia. Nilipata kazi kubwa ya kuwaeleza kwamba titi langu ni zima, na kazi kubwa zaidi nilipokuwa mkweli na kuongeza kwamba wataalamu huupanga ugonjwa wangu miongoni mwa saratani za damu, zile zinazokwenda polepole.

Kama ningeanza upya ningefanya mambo mawili kwanza. La kwanza, ningedai ultrasaundi mkononi. Mishipa ya ndani ya mkono wa juu haionekani wala haishikiki, lakini kwa picha hupatikana, na muuguzi aliyefunzwa huweza kuitumia kwa miezi mingi. Nilikuja kuambiwa hayo nikiwa tayari nina kovu la shingo. Pamoja na hayo kuna njia za kizee ambazo sikuzipa heshima: maji lita moja na nusu asubuhi, mikono kwenye taulo la moto dakika 10, na kutolewa mililita 250 mara mbili badala ya 450 mara moja. La pili, kama porti haikwepeki, ningeuliza aina yake. Zipo porti zilizobuniwa kwa ajili ya mtiririko mkubwa, za kazi ya kuchuja damu kwa mashine, na mojawapo, PowerFlow ya kampuni ya Bard, haitaki Huber kabisa, bali hupokea kanula ya kawaida ya geji 14 hadi 16 kupitia mdomo wenye umbo la faneli. Mimi sikuitumia na siwezi kuipa alama. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyenieleza kuwa porti ziko za namna zaidi ya moja, na nilipata ile iliyokuwa kabatini.

Na kuna swali la kama kutoa damu kwenyewe ndiyo njia ya kudumu. Mwaka wa pili nilikuwa nimeishiwa chuma, jambo linalotarajiwa katika tiba hii na ambalo haliponywi kwa vidonge vya chuma, kwani ukiupa uboho chuma unaupa mafuta ya kuchochea moto ule ule. Nilichoka mpaka ngazi za nyumbani zikawa mlima, nikatafuna barafu bakuli kwa bakuli, na usiku mmoja nikajikuta natamani udongo wa Pemba kama mwanamke mwenye mimba ya miezi mitatu. Daktari akanianzishia ropeginterferoni, sindano ya chini ya ngozi iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2021 kwa ugonjwa huu. Kabla ya hapo nilitolewa damu kila wiki tatu au nne; kwa miezi saba iliyopita nimetolewa mara mbili tu.

Nyota tatu kati ya tano, basi. Mbili zilizopungua ni za sindano nyembamba na za siku tatu za alteplazi. Ya tatu niliyoibakisha ningeiondoa pia kama si muuguzi wangu, kwa sababu porti ile ile, kifua kile kile, katika mikono ya kituo cha kwanza haikuistahili. Mwenye mishipa inayoshikika asiiguse. Mwenye mishipa iliyokwisha kabisa, na ambaye bado anahitaji kutolewa damu kila wiki chache, aichukue, lakini kwanza apige simu kituo atakachokwenda aulize maswali mawili: mnazo Huber za geji 19, na ni nani kati yenu aliyewahi kuvuta damu nusu lita kwa porti? Wakisitasita kwenye la pili, atafute kituo kingine.

Hematokriti yangu ya juzi ilikuwa 42.6. Ikikaa hapo hadi mwisho wa mwaka porti itatolewa, kwa ganzi, kupitia kovu lile lile la kifuani. Nimeuliza kama nitaruhusiwa kuondoka nayo, na binti wa Kisii amesema atawaambia waioshe kwanza.